Sange Aliyehesabu Tembo

Hapo zamani za kale, jabali la Kiwambo lilipokuwa bado na kingo kali ambazo hazijalainishwa na mbavu za wanyama, paliishi sange mmoja peke yake.

Sange mnamjua, wanangu? Ni mnyama mdogo wa kutosha kiganjani, mwenye miguu myembamba kama njiti na pua ndefu inayochezacheza, utadhani mkonga wa tembo uliosahau kukua. Kazi yake kubwa duniani ni njia. Kila asubuhi huamka akafagia vijia vyake, jani huku, kijiti kule, chaka! chaka! ili adui akitokea aweze kutimka bila kujikwaa.

Sange wetu alikuwa na vijia saba, vyote safi kama ua wa nyumba inayongoja mgeni. Ila mgeni hakuwapo. Jirani yake wa mwisho alichukuliwa na mwewe wakati wa vuli, na tangu hapo kwenye vijia vile hapakuwa na nyayo nyingine isipokuwa zake. Alikuwa akifika mwisho wa kijia, anageuka, anakutana na nyayo zake mwenyewe zinamjia.

Jambo moja tu lilimfanya aendelee kufagia. Sange wakitaka kusemezana hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, kama ngoma. Na kila jioni, jua likianza kuegemea, kutoka upande wa pili wa jabali Sange alisikia:

Ti-ti-ti. Ti.

Moyo ukamruka. Akajibu: ti-ti-ti. Ti.

Kimya kidogo. Halafu tena, kwa mbali: ti-ti-ti. Ti.

"Wewe ni nani?" Sange akauliza kwa sauti, ingawa alijua swali halitafika. Ngoma ya sange haina maneno mengi. Inasema tu, nipo.

Basi akatamani kuvuka. Lakini atavukaje? Jabali lilienea kama ukuta. Kulizunguka ni mwendo wa siku nzima kwenye ardhi tupu, na mwewe juu. Palikuwa na ufa mmoja tu katikati, mwembamba, wa upana wa tembo mmoja na urefu wa miruko sitini ya sange. Usiku bundi alikaa pale akisubiri chakula. Na mchana, lo! mchana ulikuwa wa wakubwa.

Nyati walikaa upande huu, penye nyasi, lakini maji yalikuwa ng'ambo. Tembo walikaa ng'ambo, penye maji, lakini majani na magadi yalikuwa upande huu. Kwa hiyo kila asubuhi nyati walikwenda na tembo walikuja, na jioni tembo walirudi na nyati walirudi. Wote kwa ufa uleule, wote kwa wakati uleule.

"Nipishe!" Nyati dume, mkuu wa kundi, alikuwa akinguruma.

"Nikupishe mimi? Ebo!" alikuwa akijibu Bibi Tembo, aliyewaongoza wenzake. "Rudi nyuma wewe, nina watu arobaini nyuma yangu!"

"Na mimi nina arobaini!"

Gubu! Gubu! Kifua kwa kifua, pembe kwa mkonga. Vumbi tifu! Walio nyuma wakisukuma walio mbele, walio mbele wakiwa hawana pa kwenda. Miguu mia tatu na ushei inakanyagakanyaga mahali palepale, anapenya mmoja mmoja, mpaka jua linazama. Mdogo wa kiganjani atapita wapi?

Sange akarudi kwake akafikiri. Akafagia uwanja mdogo, akaweka mawe mawili yaliyokaribiana kuwa ufa. Akatafuta komwe, zile mbegu za kijivu wanazochezea watu bao, akasema, "Hizi ni tembo." Akatafuta mbegu za ubuyu, akasema, "Hizi ni nyati." Akaanza kuzisukuma kwa pua.

Akizisukuma zote pamoja, zilikwama. Akizipitisha mbilimbili, komwe mbili, ubuyu mbili, hazikukwama, lakini siku nzima ililiwa na kupishana. Akipitisha zote arobaini za upande mmoja kwanza, za upande wa pili zilikaa mpaka jua kali. Siku hata siku akajaribu. Tano. Saba. Kumi na tano. Mwisho akapata kumi. Kumi zipite, wengine wasimame. Halafu kumi za wenzao. Ikiwa hivyo, wote themanini wanakuwa wamevuka kabla umande haujakauka.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Sange hakulisema kwa sauti. Kila kumi wanapomaliza na kumi wengine hawajaanza, ufa unakuwa mtupu. Kitambo kidogo tu. Alikihesabu: kinatosha miruko sitini.

Kesho yake akamfuata Bibi Tembo kwenye magadi.

"Shikamoo, Bibi Tembo."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi, hapa chini."

"Chini wapi?"

"Chini zaidi."

Bibi Tembo akainama. "Aaa, wewe! Na pua hiyo umeiazima kwetu, au?"

Sange akacheka kwa adabu, akampeleka uwanjani kwake. "Tazama, bibi. Komwe hii ni wewe."

"Mimi? Kipele hiki?"

"Na hii ni mdogo wako."

"Hamna, hatufanani hata kidogo."

"Na ubuyu huu ni Bwana Nyati. Sasa, bibi, nyinyi kumi mkipita, yeye akasimama, halafu yeye..."

"Nisubiri mimi?" Bibi Tembo akanyanyua masikio. "Nimsubiri nyati? Mwanangu, mimi nina miaka sitini. Sijawahi kumsubiri mtu ila mvua." Akapuliza, fyuuu! Komwe zikaruka huku, ubuyu kule, uwanja ukabaki mtupu.

Sange akaziokota moja moja mpaka jioni. Akawaza: kumbe hesabu yangu si mbaya, ila komwe haina jina la kulinda. Komwe haijawahi kuniambia, unanijua mimi ni nani?

Ng'ambo ngoma ikalia. Ti-ti-ti. Ti.

"Nakuja," Sange akanong'ona. "Ngoja kidogo."

Hapo ndipo alipoanza ujanja. Sisemi alifanya vizuri, wala sisemi alifanya vibaya. Aliyekaa peke yake muda mrefu ana namna yake ya kupima mambo, na mimi sikukaa pale.

Akaenda kwa Nyati, akamkuta anacheua.

"Bwana Nyati, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Sijafiwa."

"Pole ya miguu."

"Miguu gani?"

"Hiyo minne, baba. Nimesikia ina maradhi. Wanasema mguu wa nyati ukishaanza kwenda haujui kusimama, ndiyo maana mnaingia ufani hata mkiona kumejaa. Si ubishi, maskini, ni ugonjwa. Watu wanawaonea huruma."

Nyati akaacha kucheua. "Huruma? Sisi? Nani anasema?"

"Nisimtaje. Wenye mikonga hawapendi kutajwa."

"Siwezi kusimama mimi! Thubutu! Kesho watanitambua. Nitasimama mpaka waombe radhi!"

Sange akatoka chapuchapu, akamvizia Bibi Tembo njiani.

"Bibi, pole na uzee."

"Nini tena?"

"Wanasema mwili umekuwa mzito, umekushinda. Ukishausukuma mbele, huwezi tena kuuzuia. Ati wewe hupiti ufani, unaporomoka tu kama jiwe la mlimani."

"Nani kasema?"

"Mimi mtu mdogo, bibi. Ila alikuwa na pembe."

Bibi Tembo hakupiga kelele. Alitikisa kichwa polepole. "Kesho," alisema. "Kesho wataona mwili unavyozuiwa."

Kulipokucha, nyati wakafika upande huu, tembo upande ule. Nyati dume akafika kwenye mdomo wa ufa, akakita kwato, ndi! Bibi Tembo akafika upande wa pili, akakita miguu, ndi!

"Karibu, Bibi Tembo, tangulia," alisema Nyati.

"Aka, tangulia wewe, mwanangu. Mimi nimesimama tu."

"Hata mimi nimesimama. Unaona ninavyosimama?"

"Naona. Na mimi unaniona?"

"Nakuona. Pita basi."

"Pita wewe."

"Hapana, bibi, wewe mkubwa."

"Ndiyo maana nasema pita wewe."

Hapiti mtu. Jua likapanda. Vumbi likatulia. Na ufa, wanangu, ufa ulikuwa mtupu. Mweupe, mkavu, umenyooka kama kijia kilichofagiwa.

Sange akauona. Hakungoja. Akapita kati ya kwato za Nyati, akatimka. Mruko wa kumi, wa ishirini, wa thelathini. Alikuwa amefika katikati kabisa alipowasikia.

Nyuma yake, ndama wa nyati: "Mamaa, maji. Mamaa, ulimi wangu."

Mbele yake, mtoto wa tembo mwenye njaa akichovya mkonga vumbini, akiweka mdomoni, akitema.

Sange akasimama. Kwenye hesabu yake hakuna mbegu iliyowahi kuona kiu wala njaa. Alijua wale wawili hawatasogea, leo wala kesho, kwa sababu ya maneno aliyowapa yeye. Miruko thelathini mbele palikuwa na mwenzake. Akaitazama ile njia iliyobaki. Kisha akapanda juu ya jiwe lililojitokeza ukutani, katikati ya ufa, mdogo kati ya kuta mbili za miguu, akaita kwa nguvu zake zote.

"Wazee wangu! Samahani!"

"Nani huyo?"

"Mimi, hapa katikati! Naona mnashindana kusimama. Lakini mnashindana vibaya! Mbele ya njia tupu hata kisiki kinasimama. Kazi ni kusimama huku mwenzako anakupita puani!"

Nyati akafikiri. "Hilo kweli."

"Bwana Nyati, unataka kujua kama Bibi Tembo anaweza kusimama?"

"Hawezi!"

"Basi pitisha watu kumi mbele yake, umjaribu."

"Na mimi je?" Bibi Tembo akauliza upesi. "Na mimi nimjaribu yeye!"

"Na wewe utapitisha kumi. Nitahesabu mimi, asije mtu akaiba."

Nyati kumi wakaingia. Kwato kwa kwato, wakamaliza ufa, wakampita Bibi Tembo karibu kabisa, wakimtazama magoti. Hakutikisika. "Kumi! Simama!" Sange akalia. Tembo kumi wakaja, wakampita Nyati. Naye tuli. "Kumi! Simama!"

Na wote themanini wakavuka kabla ya jua kufika utosini, ingawa walichelewa kuanza.

"Kesho tena," alisema Nyati, akitweta kwa furaha. "Leo alikuwa na bahati."

"Kesho tena," alisema Bibi Tembo.

Ikawa hivyo. Asubuhi na jioni, kumi na kumi. Na Sange juu ya jiwe lake, katikati, akihesabu. Nyati walijua kuhesabu mpaka nne, na tembo walikumbuka kila kitu isipokuwa walipofikia. Kwa hiyo asipohesabu yeye, nani? Kila ufa ulipokuwa mtupu alikiona kile kitambo cha miruko thelathini tu iliyobaki, akakiacha kipite. Usiku alijibana kwenye kitundu cha jiwe, bundi akikaa juu yake.

Ngoma aliisikia vizuri zaidi sasa, maana alikuwa karibu. Lakini ilikuwa inalia jioni, saa ileile ya kuhesabu. Ti-ti-ti. Ti. "Sita!" Sange anaita. Ti-ti-ti. "Saba!" Hakuweza kujibu. Angepiga mguu angekosea hesabu.

Siku zikapita. Ngoma ikawa inalia mara moja tu, kisha inasikiliza. Halafu ikawa siku moja inalia, siku moja hailii.

Jioni moja, mwezi ulipokuwa umeandama upya, haikulia kabisa.

"Nne," alisema Sange. "Tano." Akatega sikio. "Sita." Jii. Akaacha kuhesabu.

Akangoja kishindo. Akangoja vifua vigongane, kwa sababu hesabu imekatika.

Hakuna kilichogongana. Tembo wakaendelea kupita, saba, wanane, wakafika kumi, wakaacha. Nyati wakaingia. Kumi wakapita, na wa kumi na moja, nyati kikongwe mwenye kuchechemea, akawa bado ufani. Bibi Tembo akamsubiri. Hakuna aliyetazama juu ya jiwe.

"Kumi!" Sange akalia. "Imepita kumi! Bibi Tembo, hamnisikii?"

"Tunakusikia, mwanangu," alisema Bibi Tembo. "Sauti yako nzuri, kama ya ndege kigogota. Hujambo huko juu?"

"Lakini hamfuati hesabu!"

"Tuliiacha zamani. Mimi namtazama Nyati shingo. Akiiinamisha najua watoto wamechoka, nampisha. Naye ananitazama masikio."

"Kweli," alisema Nyati. "Likining'inia la kushoto, nasimama."

Sange alihisi jiwe limepoa chini ya miguu yake. "Tangu lini?"

"Mh! Siku ya tatu. Ya nne."

Siku ya nne! Na yeye amehesabu siku ishirini na tisa. Maneno yakamtoka kabla hajayazuia: "Na ule ugonjwa wa miguu, ambao nilikuambia..."

Nyati akageuka. "Ambao *ulisema* umeambiwa na wenye mkonga."

"Sisi?" Bibi Tembo akashangaa. "Mbona mimi niliambiwa mwenye pembe ndiye anayenicheka mwili?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili, taratibu, wakatazama juu ya jiwe.

"Ala!" alisema Nyati. Akaingia ufani mpaka kwenye jiwe, kwato likawa juu, kubwa kuliko nyumba yote ya Sange. "Kijitu hiki kimetuchezea!"

Sange hakukimbia. Hakuona pa kukimbilia, ng'ambo hapakuwa na sauti tena. "Ni kweli," alisema. "Niliwadanganya wote wawili. Nisameheni."

"Ulikuwa unataka nini?" aliuliza Bibi Tembo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua.

"Kuvuka."

"Kuvuka tu?"

"Kuna mtu ng'ambo. Alikuwepo. Alikuwa anapiga ngoma."

"Na siku zote hizi uko katikati. Mbona hukuvuka?"

"Nani angehesabu?"

Nyati akashusha kwato lake, si juu ya Sange, ila pembeni, polepole, kama anayeweka kitu cha kuvunjika. Alikuwa mkali, Nyati, lakini hakuwa mjinga. Alikumbuka ulimi wa ndama wake.

"Watu!" Bibi Tembo akainua mkonga. "Simameni!"

Wakasimama pande zote mbili, themanini, hakuna aliyetingisha hata mkia. Nyati naye akarudi nyuma mpaka mdomoni, ufa ukabaki mtupu.

"Haya, mdogo wetu wa pua," alisema Bibi Tembo. "Pita."

Sange akatimka. Thelathini. Akatokea ng'ambo, kwenye majani asiyoyajua, harufu asizozijua. Akapiga ardhi: ti-ti-ti. Ti.

Kimya.

Akapiga tena. Safari hii aliharakisha, ngoma ikatoka mbovu: ti-ti. Ti-ti.

Majani yakacheza. Pua ndefu ikatokea, kisha jicho moja, kisha sange dume, amekonda, manyoya ya mgongoni yamekatika.

"Ulinyamaza," alisema yule.

"Nilikuwa nahesabu."

"Nilidhani ulikuwa mwangwi wangu tu. Nikaona, kama ni mwangwi, ya nini kujichosha. Ila mwangwi haukosei mapigo."

"Si mwangwi," alisema Sange. "Nipo."

Wakanusana pua.

"Unajua sisi hatukai nyumba moja," alisema dume. "Kila mtu na kijia chake."

"Najua."

"Na kijia changu chembamba. Hakipishi wawili."

"Najua," alisema Sange, akaanza kugeuka.

Yule dume akatoka kwenye kijia chake, akaingia kwenye majani makavu yenye miiba, mahali ambapo sange haweki mguu, akasimama pembeni.

"Basi pita wewe kwanza," alisema.

Naam, wanangu: njia ni ileile kwa wanaosukumana na kwa wanaopishana, ila wanaopishana ndio wanaofika.